Mkufunzi wa sauti atufunze pumzi, kauli atuachie wenyewe

MIEZI michache iliyopita niliketi chini ya mwarobaini upande wa Ganze, Kaunti ya Kilifi, nikisikiliza kikao cha wananchi kuhusu makadirio ya bajeti. Sikuitwa pale kama mtaalamu. Nilikuwa nimemsindikiza jamaa yangu mwenye shauri la shamba, tukaona watu wamekusanyika, nasi tukaketi. Mpangilio ulikuwa ule ule tuuzoeao: meza yenye kitambaa, maafisa nyuma yake, kipaza sauti kinachokatakata, na dakika mbili mbili kwa kila mwenye la kusema.

Akainuka binti mmoja wa miaka ishirini na kitu. Alisimama vizuri mno. Mabega wima, kidevu juu, ncha za vidole zikigusana mbele ya kifua, tabasamu usoni. Akaanza kwa kumtambua mheshimiwa huyu na mheshimiwa yule, wazee wa mtaa, viongozi wa dini, akina mama, vijana, “na itifaki nyinginezo zote zizingatiwe”. Akashukuru kwa fursa adhimu. Akatuuliza swali ambalo halikutaka jibu, akanyamaza kidogo ili tulitafakari. Alipofika kwenye neno “bwawa”, mwenye saa akagonga meza. Muda umekwisha. Asante sana, mwingine!

Watu walimpigia makofi, nami nikapiga. Ni baadaye, tukisubiri chai, nilipojiuliza: binti yule alikuwa anataka nini? Nikamwuliza jirani yangu, naye hakujua. Nikaenda kwake mwenyewe.

“Mwalimu,” akaniambia, “sisi kwetu tulikuwa tunaomba bwawa lichimbwe zaidi kabla ya masika. Sikufika.”

Nilipodadisi alikojifunza kusimama vile, akanieleza kwamba yeye na wenzake walihudhuria mafunzo ya siku moja. Mkufunzi alikuwa bwana mmoja aliyewahi kuigiza jukwaani na kwenye runinga, ambaye siku hizi anawafunza sauti wanasiasa, wahubiri na mameneja. “Alitufunza kuvuta pumzi kwa tumbo, na hilo limenisaidia, maana zamani nikishika kipaza sauti magoti yanagongana. Ila aliniambia nikitaka watu wanichukulie kwa uzito, niache kusema *madzi*.”

Msomaji mpenzi, leo nataka tumpime huyu mtu anayeitwa mkufunzi wa sauti, hasa yule aliyetoka kwenye uigizaji. Kila uchaguzi unapokaribia soko lake hupanda. Je, ana la kutufunza? Na ni wapi tumwambie, bwana, hapo umevuka mpaka?

Kazi kongwe

Tusidhani kazi hii ni mtindo wa jana. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, anatusimulia habari za Demosthenes wa Athene, aliyeishi kati ya 384 na 322 kabla ya Kristo na ambaye hadi leo hutajwa kama kigezo cha walumbi. Alipoanza kusimama mbele ya baraza la raia, watu walimcheka. Sauti ilikuwa hafifu, pumzi fupi, sentensi zikamkatikia njiani. Siku moja akirudi nyumbani amejifunika uso kwa fedheha, alifuatwa na mwigizaji aitwaye Satyrus. Satyrus akamwomba akariri kifungu cha tamthilia ya Euripides au Sophocles. Demosthenes akakariri. Kisha Satyrus akakariri kifungu kile kile, kwa mkao na sauti iliyomfaa mhusika, na Demosthenes akahisi kana kwamba ni maneno mengine kabisa.

Tangu hapo, anasema Plutarch, alijichimbia chumba chini ya ardhi akawa anafanyia humo mazoezi. Alinyoa upande mmoja wa kichwa ili aone haya kutoka nje. Alitia kokoto mdomoni ili ulimi ujifunze kutamka kwa bidii, na alikariri mashairi huku akipanda vilima ili pumzi irefuke. Alipoulizwa jambo la kwanza katika ulumbi ni lipi, inasemekana alijibu: uwasilishaji. La pili? Uwasilishaji. La tatu? Uwasilishaji.

Hapa ndipo penye utamu kwetu wapenzi wa lugha. Neno la Kigiriki lililotumika kwa huo uwasilishaji ni *hupokrisis*, na mwenye kuifanya kazi hiyo jukwaani, yaani mwigizaji, aliitwa *hupokrites*. Neno hilo lilisafiri kupitia Kilatini hadi kwenye lugha nyingi za Ulaya, na leo huko lina maana ya mnafiki! Kwa hiyo Mzungu anapomwita mtu mnafiki, kwa asili ya neno anamwita mwigizaji.

Kiswahili hakikupita njia hiyo. *Mnafiki* tulimpata kutoka Kiarabu, na wanazuoni wa lugha hiyo humhusisha na *nafaq*, handaki, au shimo la mnyama mdogo wa jangwani mwenye tundu mbili: ukimvizia huku anatokea kule. *Mwigizaji* naye ametokana na *iga*, kupitia *igiza*. Hawa ni watu wawili. Mnafiki anaficha alichonacho moyoni. Mwigizaji haficha kitu. Sote tunajua kwamba yuko jukwaani, na tumekuja kumtazama kwa hiari yetu. Lugha yetu imetuwekea mstari hapo, na ni wajibu wa mkufunzi asiufute. Akimfunza mtu kutoa nje kilichomo ndani, hiyo ni kazi ya Satyrus. Akimfunza kuonyesha kisichomo, amemchimbia tundu la pili.

Mfalme na maneno yaliyomkwama

Mfano wa pili wengi wenu mmeuona kwenye filamu ya mwaka 2010 iliyotwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora. Lionel Logue alizaliwa Adelaide, Australia, mwaka 1880. Alikuwa mfunzi wa matamshi, mkariri wa mashairi na mpenzi wa maigizo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia aliwasaidia wanajeshi ambao usemi wao ulikuwa umeharibika vitani. Mwaka 1924 alihamia London, na Oktoba 1926 akaletewa mtoto wa mfalme mwenye kigugumizi. Huyo ndiye aliyekuja kuwa George wa Sita, yule ambaye sura yake wazazi wetu waliizoea kwenye sarafu, na ambaye Februari 1952 alifariki bintiye akiwa Nyeri.

Katika filamu tunaona vituko: mfalme anatukana, anabingirika sakafuni. Lakini jambo linalonivutia mimi ni dogo zaidi. Logue alikuwa akipitia hotuba kabla hazijasomwa. Alitia alama za mahali pa kupumua. Na palipokuwa na neno ambalo lingemkwama mfalme, alilitoa akatia jingine. Ndivyo walivyojiandaa kwa hotuba nyingi, na Septemba 3, 1939, siku Uingereza ilipotangaza vita, Logue alikuwa kando ya mfalme mbele ya kipaza sauti.

Zingatia mwelekeo wa kazi hiyo. Hotuba ilikatwa ikaukubali mdomo. Mdomo haukukatwa ukaikubali hotuba. Kama ndivyo ilivyofanyika kwa mfalme mwenye himaya, kwa nini binti wa Ganze afanyiwe kinyume? Yeye ndiye aliyepunguzwa ili aenee kwenye hotuba iliyoshonwa pengine: utambuzi, shukrani, swali la balagha, kituo cha tafakuri. Kanzu ya mtu mwingine hata ikiwa ya hariri itakufanya ujikwae.

Na si yeye pekee. Margaret Thatcher, kabla ya kuingia ikulu ya Uingereza kama Waziri Mkuu mwaka 1979, alifunzwa kushusha kidatu cha sauti yake kwa sababu washauri walihofia kwamba sauti ya juu ya mwanamke ingewakera wapigakura. Akashusha, akashinda. Lakini ushindi huo ulilithibitisha kosa badala ya kulisahihisha, kwamba sauti ya mamlaka ni ya kiume na mwanamke anayeitaka sharti aikopeshwe.

Mwigizaji mzee wa Brecht

Kuna upande wa giza ambao wakufunzi hawapendi kuutaja. Mwaka 1932 Adolf Hitler, sauti ikiwa imemchoka kwa kampeni, alimwajiri mwimbaji wa opera aitwaye Paul Devrient amfunze namna ya kuitumia bila kuiharibu. Devrient aliambatana naye kwa miezi kadhaa. Mwaka uliofuata mwanafunzi wake akatwaa Ujerumani. Siwezi kusema pumzi ndiyo iliyomweka madarakani, kwani sababu zilikuwa nyingi na nzito kuliko koo la mtu mmoja. Lakini mwenye kuuza ufundi wa sauti ajue kwamba hauchagui mnunuzi.

Bertolt Brecht, Mjerumani aliyekuwa ameikimbia nchi yake, aliligeuza jambo hilo kuwa tamthilia mwaka 1941. Katika *Arturo Ui*, jambazi wa Chicago anayetaka kutawala biashara ya koliflawa anamwajiri mwigizaji mzee aliyefulia. Mwigizaji anamfunza kutembea, kusimama, kuketi na kusema. Na kitabu cha zoezi ni kipi? Ni hotuba ya Mark Antony mbele ya maiti ya Kaizari katika tamthilia ya Shakespeare. Tunacheka, maana jambazi anatembea kama kuku aliyekanyaga makaa. Kisha kicheko kinakwama kooni, kwa sababu mwishoni mwa somo anaanza kuweza.

Sisi Waswahili hotuba hiyo ya Antony tumeipata kwa mkono wa Mwalimu Julius Nyerere, aliyeitafsiri tamthilia hiyo mwaka 1963 na kuitoa upya mwaka 1969. Tazama tofauti. Hotuba moja imepita kwa wanafunzi wawili. Jambazi wa Brecht aliisoma ili ajifunze mikono iwekwe wapi. Nyerere, ambaye tayari alikuwa mlumbi wa kusifika, aliichukua akaizalisha upya katika lugha ya watu wake, neno kwa neno, hadi ikawa yetu. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu kwamba zoezi la kwanza la ulumbi ni tafsiri. Mtu ajaribu kulisema jambo zito kwa lugha ambayo nyanya yake angeielewa. Akishaweza hivyo, mikono itajua pa kukaa.

Na Ebrahim Hussein, katika *Kinjeketile* ya mwaka 1969, alitupa onyo la aina nyingine. Neno la mhusika wake linawaunganisha watu, kisha linamzidi nguvu na kwenda lisikotumwa. Mkufunzi hufunza namna ya kulitoa neno. Ni nani anayefunza namna ya kulibeba likishatoka?

Ganze ilikuwa na somo lake

Kinachonishangaza ni kwamba mafunzo yale yalifanyika Ganze, mahali ambapo mtu hahitaji kwenda Athene kutafuta mfano. Mekatilili wa Menza alizaliwa huko huko, Mutsara wa Tsatsu, katikati ya karne ya 19. Jina lake la utotoni lilikuwa Mnyazi. *Me-* katika Kigiriama ni mama wa fulani, basi Mekatilili ni mama yake Katilili. Mwaka 1913, serikali ya kikoloni ikidai kodi na vijana wa kufanya kazi za kulazimishwa, mjane huyu alizunguka kijiji kwa kijiji akiwahamasisha Wagiriama wakatae.

Alianzaje? Kwa ngoma. Kifudu ni mchezo wa matangani, wenye mahali na wakati wake. Mekatilili aliutoa matangani akaupeleka njiani. Watu walifuata ngoma na mwishowe wakajikuta katika mkutano. Kwa lugha ya leo tungesema alikuwa mwigizaji kabla ya kuwa msemaji, na kwamba alijua kile ambacho Satyrus alijua: mwili hutangulia, neno hufuata.

Masimulizi ya wazee yanaongeza kisa cha kuku. Inasemekana alikwenda mbele ya Arthur Champion, mkuu msaidizi wa wilaya, akiwa na kuku mwenye vifaranga, akamwambia Mzungu achukue kifaranga kimoja. Mzungu alipojaribu, kuku akamdonoa. Ndivyo itakavyokuwa, mama yule akamaanisha, mkija kuchukua vijana wetu. Kama kisa kilitokea hivyo hivyo au kiling'arishwa na midomo ya vizazi, kwa mhakiki thamani yake ni ile ile. Kinatuonyesha jamii ya Wagiriama iliuelewa vipi ulumbi. Hakuna utambuzi wa waheshimiwa, hakuna fursa adhimu. Kuna kuku, kifaranga, mkono na jeraha. Hata asiyejua Kigiriama alielewa.

Oktoba 1913 yeye na Wanje wa Mwadorikola walikamatwa wakapelekwa uhamishoni Kisii. Januari 1914 walitoroka, wakarudi kwa miguu hadi Pwani. Agosti mwaka huo Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Serikali yenye bunduki haijisumbui kumhamishia mtu upande wa pili wa nchi kwa sababu ya kelele tu. Waliuogopa usemi.

Na mpaka leo, wazee wa kaya wanapofungua kikao, mmoja huita “Taireni!” nao waliohudhuria huitikia “Za Mulungu!” Neno moja, jibu moja, na baraza lote limeshakuwa kitu kimoja. Linganisha na dakika nzima ya itifaki. Itifaki huwapanga watu kwa vyeo. Mwito huwaunganisha. Hebu niambie, nani kati ya hao wawili anayefaa kumfunza mwingine?

Maji na madzi

Sasa turudi kwenye lile *madzi*. Hapa naomba nisikilizwe kwa makini, maana nami nina deni.

Kigiriama na Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja la Kibantu cha Pwani. Mswahili akisema *maji*, *mji*, *jua*, Mgiriama husema *madzi*, *mudzi*, *dzuwa*. Mti kwake ni *muhi*. Kanuni ni thabiti, si kubahatisha. Zaidi ya hayo, Kigiriama ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti kuna kazi ya kisarufi. Kiswahili hakina toni. Chenyewe hutegemea shadda, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mgiriama anapozungumza Kiswahili, muziki wa lugha yake humfuata kama kivuli. Wenye masikio makavu huuita kasoro.

Je, mkufunzi asiguse matamshi kamwe? La, sisemi hivyo. Shadda ikihama, maana huhama: *barabára* ni njia, *barábara* ni sawasawa. *Walakíni* ni dosari, *walákini* ni kiunganishi. Hayo yafunzwe. Lakini hebu tuwe waadilifu. Kimvita, lahaja ambayo imetupa washairi wakubwa, hutofautisha *paa* la nyumba na *p'aa* mnyama, *kaa* la moto na *k'aa* wa ufuoni, kwa kupumua kidogo baada ya konsonanti. Kiswahili sanifu hakiandiki tofauti hiyo na wengi wetu wa vyuoni hatuwezi hata kuitamka. Hakuna mkufunzi anayetuambia tusichukuliwe kwa uzito kwa ajili hiyo. Kwa nini kosa la profesa liitwe usanifu, na urithi wa binti wa Ganze uitwe athari mbaya ya lugha ya mama?

Deni langu ni hili. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mwamuzi katika tamasha la maigizo ya shule. Tamasha hizo zilianzishwa nchini mwaka 1959, zikiendeshwa kwa Kiingereza na kwa vigezo vya Kiingereza, na hata zilipofungulia Kiswahili mlango, vigezo vingine vilibaki kizingitini. Msichana mmoja kutoka bara ya Kilifi alikariri shairi kwa namna iliyonyamazisha ukumbi. Nikampunguzia alama nne. Kwenye karatasi niliandika: “Athari za lugha ya kwanza.” Shule yake ilikosa nafasi ya kwenda mbele kwa alama mbili. Mwalimu wake hakunilalamikia. Alikunja karatasi ile mara nne, akaitia mfukoni, akaniamkia kwa heshima na kuondoka. Nimesahau waliokwenda mbele. Yule msichana sijamsahau.

Kwa hiyo nikimkosoa mkufunzi wa Ganze, ninajikosoa. Yeye kajifunza kwa watu kama mimi.

Isitoshe, Katiba yetu ya mwaka 2010 iko upande wa binti. Ibara ya 7 inaitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na papo hapo inailazimu serikali kukuza na kulinda uanuwai wa lugha za Wakenya. Ibara ya 10 inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Haikusema ushiriki wa wenye lafudhi nzuri.

Ulumbi wa daftarini

Lawama isimwendee mkufunzi peke yake. Silabasi ya fasihi simulizi ya shule zetu za upili inautaja ulumbi. Kila mtahiniwa anaweza kukuorodheshea sifa za mlumbi: ana ufasaha, ana ushawishi, anatumia tamathali, anaifahamu hadhira yake. Ataandika hoja sita, apewe alama sita. Wangapi wamewahi kusimamishwa mbele ya darasa na kuambiwa, una dakika mbili, tushawishi tulete maji? Tumeugeuza ulumbi kuwa orodha ya kukaririwa, kisha tunashangaa vijana wakimlipa mwigizaji awafunze kilichomo katika daftari zao. Shule ilipoacha pengo, soko likaliziba.

Na soko lina kanuni zake. Mkufunzi anayelipwa na mwanasiasa hufunza namna ya kuzungumza muda mrefu bila kushikika. Ukimleta mkufunzi huyo huyo kwa wananchi bila kubadilisha somo, atawafunza hilo hilo. Lakini haja zao ni kinyume! Mheshimiwa ana saa nzima na hana la kusema. Mwananchi ana dakika mbili na ana mengi.

Basi tumpe mkufunzi haki yake na tumwekee mpaka. Atufunze pumzi, maana hewa isipotosha sentensi haifiki mwisho. Atufunze kunyamaza mahali pake. Atufunze umbali wa mdomo na kipaza sauti, na kumtazama machoni yule anayeulizwa. Atuondolee hofu, kwa kuwa hofu huwanyima wengi haki yao kuliko sheria mbaya. Hayo mwigizaji anayajua kuliko sisi wenye shahada, na anastahili ujira wake. Lakini lafudhi asiiguse ila pale maana inapopotea. Mpangilio wa hoja autafute kwa wenyeji kabla ya kuufungua mkoba wake. Na la kusema atuachie wenyewe.

Siku ile, kabla hatujaagana, nilimwomba binti ajaribu tena. Nikavua saa yangu. “Usimtambue mtu, mwanangu. Sema tu.” Akavuta pumzi, kwa tumbo kama alivyofunzwa, akasema kwamba yeye ni wa kijiji fulani, kwamba bwawa lao limejaa matope, kwamba ng'ombe na watoto wanakunywa pamoja, na kwamba *madzi* hayo hayatafika mwezi wa nne, hivyo wanaomba lichimbwe kabla ya masika. Sekunde ishirini na nane.

Bibi yake alikuwa ameketi kando juu ya kanga, akimsubiri. Wote humwita Hawe, nami nikamwita hivyo. Aliyasikiliza yote, akamtazama mjukuu wake, kisha akaitazama ile meza ambayo kitambaa chake kilikuwa tayari kinakunjwa.

“Na hayo,” akauliza, “mbona hukuyasema pale?”